Sweta Isiyo na Shingo

Kiti kilikuwa na joto. Fundi Sweta alilihisi mara tu alipokaa, akasimama tena, akakipapasa kwa kiganja. Basi lilikuwa limetoka kuoshwa, sakafu bado ina maji, na yeye ndiye abiria wa kwanza kupanda, maana ni mtu wa kufika stendi saa mbili kabla ya safari, watu wamemcheka kwa hilo mpaka wamechoka.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" akamuuliza kondakta.

"Hakuna mtu, mama. Basi limelala gereji, mlango nimeufungua mimi mwenyewe sasa hivi."

"Kiti kina joto."

"Basi bahati yako hiyo, na baridi yote hii!"

Akakaa. Mtu akishafika miaka hamsini na nane, magoti hayana muda wa kubishana na kiti.

Jina lake la Fundi Sweta alipewa na wanafunzi, kwa sababu kwa miaka thelathini alikuwa amewafumia sweta za shule katika chumba kimoja chenye dirisha la kuuzia. Sasa alikuwa amekifunga chumba hicho na kubandika karatasi mlangoni. Mbele yake palikuwa na basi la mchana kutwa, kulala bandarini, meli ya siku nzima, na mwisho gari dogo la kumfikisha kwa binti yake wa pekee. Binti huyo alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Hii ilikuwa ya tatu, imebaki wiki tatu, na daktari alikuwa amemwambia alale tu asiguse hata ndoo. Fundi Sweta alikuwa ameapa kwamba safari hii mtoto anazaliwa mzima, na wa kwanza kumpokea ni yeye. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani.

Kosa la kwanza lilikuwa la kondakta: begi lenye uzi na sindano alilitia kwenye buti, chini ya magunia ya watu. Fundi Sweta akabaki na saa kumi za njiani na mikono mitupu. Kwa asiyefuma hilo ni jambo dogo. Kwake lilikuwa mateso. Alikunja tiketi, akaikunjua, akapekua mfuko wa nyuma ya kiti cha mbele labda kuna gazeti, na humo akakuta ufumaji wa mtu.

Kilikuwa kipande cha sweta ya mtoto mchanga, rangi ya maziwa, bado kiko kwenye sindano mbili za mbao, na kimeachwa katikati ya safu. Nusu ya vitanzi sindano hii, nusu sindano ile. Hapo damu ikampanda. Fundi gani huyu? Anayejua kazi haachi nusu safu akaondoka zake. Vitanzi vinalegea pale pale, na ule mstari wa aibu utaonekana mpaka nguo igeuke tambara.

"Watu wengine hawana haya," alinong'ona, na kabla hajafikiri mikono ilikuwa imeshamalizia safu.

Sasa, yeye alikuwa na desturi moja ya kazini. Sweta za shule zote ni rangi moja, na akichanganya vipimo wazazi wanakuja juu. Kwa hiyo kila aliposhika sindano alimtaja mwenye nguo kwa sauti. Majina ya watoto hakuyajua, aliwataja kwa sura: ya yule mrefu wa darasa la tano, ya yule pacha mnene, ya yule asiye na jino. Akishataja, kipimo kinakaa kichwani na mikono inajua yenyewe ipunguze wapi. Na pale kwenye basi, safu ilipokwisha, ulimi ukafanya kazi yake ya miaka thelathini.

"Ya mjukuu wangu," akasema.

Chini yake kiti kikapoa, ghafla.

Alijiambia ataikabidhi kwa kondakta mwisho wa safari, na wakati huo si vibaya kumsaidia mwenyewe safu mbili tatu. Uzi ulitoka vizuri ndani ya ule mfuko. Jua lilipopanda akasinzia. Kilichomwamsha ni mlio, ta, ta, ta, mdogo na wa haraka, karibu sana na tumbo lake. Alitazama chini. Ilikuwa mikono yake. Ilikuwa inafuma, na kipande kilikuwa kimeongezeka shibiri nzima.

"Bibi, una kipaji," alisema kijana wa kiti cha jirani. "Unafuma na unakoroma! Nimekurekodi."

Alitabasamu kwa heshima. Akampigia simu binti yake.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Nipo, mama. Ila leo mtoto katulia sana. Jana alikuwa ananipiga mateke kama ana kesi na mimi."

"Amepumzika tu. Nakuja."

Alipokata simu ndipo alipoisikia harufu, ya maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo. Akaangalia viti vyote vya karibu. Hapakuwa na mama anayenyonyesha.

Bandarini alifika jioni, mgongo umekwisha. Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vya mbao na shimo la taka nyuma ya jiko. Alichukua ile sweta, iliyokuwa na mgongo na kifua sasa, akaitupa shimoni pamoja na sindano zake, akanawa mikono mara tatu, akafunga mlango kwa komeo na kujitupa kitandani kabla hata ya kula. Aliamka alfajiri akiwa amekaa wima, miguu chini, vidole vinamuuma kwenye viungo vyote. Mikononi hakuwa na kitu. Alimshukuru Mungu, akanyanyua begi, akatembea mpaka melini akiyumba kwa uchovu.

Simu ya mkwewe ilimkuta kwenye ngazi ya kupandia. Uchungu ulikuwa umeanza usiku, kabla ya wakati wake. Wako hospitali. "Wakunga wanasema njia inafunguka vizuri, mama. Usiwe na wasiwasi, wewe njoo tu."

Alipata benchi kwenye sitaha ya juu, karibu na kasha kubwa la maboya. Meli ikaachia. Mji ukarudi nyuma, maji yakatanda, na upepo ukawa wa kuumiza masikio, hivyo akafungua begi atoe mtandio. Hakuukuta. Alikuta ile sweta. Kumbe alichokitupa shimoni jana kwa macho yake yaliyochoka ulikuwa mtandio wake mwenyewe. Na sweta ilikuwa na mikono yote miwili sasa. Uzi mweupe ulikuwa umeunganishwa na uzi wake wa manjano, ule aliomnunulia mjukuu, na pale palipoungana palikuwa na fundo dogo la kupitisha mara mbili, fundo analolifunga yeye tu, alilofundishwa na mama yake, ambalo hajapata kuliona kwa fundi mwingine yeyote.

Aliigeuza akatafuta shingo, pale vitanzi vinapofungwa ili libaki tundu la kupitisha kichwa. Tundu lilikuwa linazibwa. Mtu, na mtu huyo alikuwa yeye, alikuwa anaunganisha vitanzi vya mbele na vya nyuma, kimoja kimoja, kutoka bega moja kuelekea la pili. Tundu lililobaki lingepitisha chungwa.

Alitoa mkasi. Ulikuwa mkasi wa miaka ishirini, unakata hata turubai. Alipoubana kwenye uzi, msumari wake ukachomoka, nusu mbili zikaanguka sakafuni.

Simu ikalia ujumbe, kisha mtandao ukakatika. Ujumbe ulikuwa wa mkwe: *Njia imesimama. Wanasema ilikuwa imefunguka, sasa inarudi kujifunga. Hawajawahi kuona. Tuombee.*

Akaelewa bila kuelezwa. Aliikunja sweta, akaikalia, akajiambia kazi yake leo ni moja tu, asilale. Lakini mwili una kiasi chake. Alijifinya mapaja. Alihesabu maboya kwenye kasha, akayahesabu tena. Alisimama akashika vyuma vya pembeni mpaka viganja vikafa ganzi kwa baridi, akarudi kukaa kwa sababu magoti yalikataa. Injini ilikuwa inaunguruma kwa sauti moja isiyobadilika, watu wote sitahani walikuwa wamelala vinywa wazi, jua lilikuwa linawaka juu ya maji mpaka macho yanafumba yenyewe, na kila yalipofumba, hata kwa muda wa kumeza mate, mlio ulianza, ta, ta, ta, naye akifumbua anaikuta sweta mapajani na sindano mkononi na tundu limepungua, limekuwa la limau, kisha la yai, na ile harufu ya maziwa imepanda puani kiasi cha kutaka kutapika.

Aliyetapika alikuwa mwingine. Mwanamke mwembamba kwenye benchi la pili alikuwa ameinamia mfuko wa plastiki tangu meli iondoke, bahari ikimtoa roho. Alijifuta mdomo, akatazama upande wa Fundi Sweta kwa muda mrefu, kisha akasogea karibu na kuongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Dada, samahani. Yule anayekushikia bonge la uzi ni wa kwako?"

Fundi Sweta hakugeuka. Aliutazama uzi. Ulitoka kwenye sweta, ukapita pajani, ukapita chini ya mkono wa benchi na kuingia nyuma ya lile kasha la maboya, na haukuwa umelala sakafuni kama uzi unavyolala bonge linapobingirika, ulikuwa umenyooka, umekazwa kiasi, unalegezwa kidogo kidogo kila kitanzi kinapohitaji, jinsi mama yake alivyokuwa akimshikia uzi alipokuwa mtoto anajifunza, kwa subira ileile, na alipoacha kufuma uzi ukasubiri, na baada ya muda, kwa upole, ukavutwa mara moja kumkumbusha.

"Sina mtu," alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Yukoje?"

"Usiulize yukoje. Hapo kuna mimba ya nani?"

"Ya binti yangu. Anazaa sasa hivi."

"Ooh, jamani." Yule mwembamba akafumba macho. "Mimi kazi yangu ilikuwa kupunga pepo. Nimeacha mwaka wa nne huu, magoti hayachezi tena. Na leo sina ubani, sina ngoma, sina hata tumbo. Hebu niambie ulivyoanza, na usifiche."

Fundi Sweta akamweleza: kiti, nusu safu, na alichokitamka. Mpungaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kuelekea kasha la maboya, akazungumza maneno ambayo Fundi hakuyashika, akatulia, akazungumza tena. Upande ule hapakusikika kitu, ila uzi ulikuwa unatetemeka.

"Ni mama," alisema alipoinuka. Uso umemkauka. "Ana mtoto hajapata kuvishwa. Nguo ikishafungwa shingo, yule aliyetajwa anakuwa wake, anaingia humo. Dada, aliyeingia bila hodi namtoa, hata leo na kichefuchefu changu. Huyu umepokea kazi yake kwa mkono wako na ukamtajia mwenye nguo kwa mdomo wako. Simtoi."

"Nitaacha nusu safu. Niiache hapa kwenye benchi, fundi mwingine..."

"Ndivyo alivyokufanyia aliyekutangulia. Lakini mpaka ipate wa kuishika, binti yako amefika wapi?" Mpungaji alitazama lile tundu. Lilikuwa la kupitisha kidole gumba. "Njia ipo moja. Anasema kazi lazima iwe na mwenyewe, ila mwenyewe anaweza kubadilishwa. Utaje mwingine. Mtu aliye hai. Utaje kwa sauti kama ulivyotaja mwanzo, na iwe ni kweli moyoni, kipimo chake ukione."

"Nimtaje nani?"

"Yeyote." Mpungaji akageuza uso upande wa maji. "Mimi sijasikia. Wengi wametaja."

Simu ililia. Meli ilikuwa inapita karibu na rasi, mtandao umerudi. Ilikuwa sauti ya mkwe, mwanamume aliyekuwa hajawahi kulia mbele yake.

"Mama, mapigo ya mtoto yanashuka. Wanataka kumpasua mke wangu, na damu inamtoka. Mama, upo? Anakuita wewe."

"Nipo," alisema Fundi Sweta. "Mwambie mama yake yupo."

Mbele yake, mtoto wa kama miaka miwili mwenye kofia nyekundu alikuwa ameponyoka kwa mama yake aliyelala. Alitembea kwa kuyumba mpaka kwenye benchi, akashika goti la Fundi, akaonyesha sweta kwa kidole na kucheka. Alikuwa mgeni kabisa. Hata jina lake hakulijua, na wala hakuhitaji kulijua. Miaka thelathini alikuwa akiwataja hivyo hivyo, kwa kofia zao na meno yao. Kipimo chake alikuwa ameshakiona bila kutaka: kifua, bega, urefu wa mkono.

"Ya yule..." alianza.

Uzi ukakazika kwa hamu. Mpungaji aliziba masikio yake. Mtoto aliendelea kucheka, mate yanamdondoka kidevuni, na Fundi Sweta akatoa kitambaa akamfuta, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya mtoto akidondosha mate.

"Rudi kwa mama yako," akamwambia. "Haya, haraka."

Kisha akaiweka sweta kifuani pake mwenyewe, akaipima bega kwa bega.

"Yangu," akasema. "Mimi ndiye mwenyewe. Ni yangu."

Vitanzi viliachia. Shingo yote ilifumuka kwa mkupuo mmoja, mpaka kwenye makwapa, mpaka kiunoni, uzi ukaanguka mapajani mrundo kwa mrundo, na kwenye sindano ikabaki safu moja tu. Safu hiyo ilikuwa ndefu. Vitanzi vilikuwa vimejipanga kutoka ncha hadi ncha, vimebanana, idadi ya nguo ya mtu mzima.

Baada ya robo saa simu ililia tena, na kabla mkwe hajasema neno Fundi Sweta alisikia ndani ya simu kilio cha mtoto mchanga, kikali, chenye hasira. Akalia naye. Alilia mpaka abiria wakaamka na kumpa pole, wakidhani amefiwa, naye akawa anatikisa kichwa na kucheka na kulia.

"Msichana," aliwaambia. "Ni msichana, mzima!"

Mpungaji alishuka kituo cha kwanza, bado anajishika tumbo. Kabla hajashuka alimtazama Fundi Sweta kuanzia mabega mapana mpaka makalio yaliyojaza benchi la watu wawili, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Afadhali wewe una mwili, dada," alisema. "Mimi angenimaliza kwa wiki."

Ulipita mwezi, ukapita wa pili. Kwa binti yake Fundi Sweta alipewa chumba cha uani. Mchana alimwogesha mjukuu, alimbeba, alimwimbia vibaya na bila aibu, na kila usingizi ulipomchukua, hata wa kiti, ilianza ile ta, ta, ta. Hakupigana nayo tena. Akiamka anaipima kwa shibiri, anairudisha chini ya mto, anatoka kwenda kumchukua mjukuu. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo kulala hakukuondoa, na macho yalikuwa yameingia ndani, lakini ukimuuliza anakwambia ni safari tu, haijamtoka mwilini.

Siku moja mchana binti yake aliingia na sahani, akaiona sweta kwenye kitanda.

"Mama, hii kubwa hivi ni ya nani?"

"Yangu."

"Wee! Tangu lini ukajifumia mwenyewe? Hata siku moja hujawahi." Akaiinua, akaitandaza kifuani pa mama yake kwa mzaha. "Imefika kwapani. Imebaki mikono na shingo. Mwezi ujao unaivaa, eeh?"

"Inategemea mwili." Fundi Sweta aliichukua polepole mkononi mwake, akaiweka pembeni. Mjukuu alikuwa amelala juu ya mapaja yake, ngumi mbili zimefungwa, anapumua kwa kelele. Alimtazama, kisha akaivuta sahani. Alikula wali wote, akala na nyama yote, taratibu, bila njaa, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akamnyooshea binti yake.

"Niongezee."

"Mama! Hiyo ni ya tatu. Utanenepa mpaka nguo zikukatae!"

"Niongezee, mwanangu," alisema. "Jaza."